Gofu: Jinsi ya Kupeleka Mpira Mbali Bila Kuumiza Mgongo

Leo naomba nizungumze na akina kaka (na akina dada wachache) ambao siku hizi ukiwatafuta Jumamosi huwapati, wako uwanja wa gofu. Tulikotoka gofu ilikuwa mambo ya wakubwa. Wengi wetu Muthaiga au Gymkhana ya Dar es Salaam tuliziona kwa nje ya uzio, na aliyeijua gofu vizuri mara nyingi aliijua kwa kubeba mifuko ya wachezaji. Huku Uingereza kuna viwanja vya halmashauri ambako unalipa kiasi unacheza, na fimbo za mtumba hazina bei kubwa. Kwa hiyo ndugu zetu wameingia, na mimi nawapongeza.

Maana kwa afya mchezo huu ni mzuri. Ukizunguka mashimo yote 18 kwa miguu, unakuwa umetembea kilomita 8 hadi 10. Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden walitoa matokeo ya kuwafuatilia wacheza gofu 300,000, wakakuta vifo kati yao ni pungufu kwa asilimia 40 kuliko kwa watu wengine wa umri, jinsia na hali ya maisha kama yao. Sisemi gofu peke yake ndiyo iliyofanya hivyo, kwani anayeweza kutembea kilomita 8 kwa kawaida hakuwa mgonjwa tangu mwanzo. Lakini kutembea ni dawa, hilo halina ubishi.

Tatizo linaanzia kwenye ule mpigo wa kwanza. Mchezaji wa kawaida mwanaume hupeleka mpira yadi 200 hadi 220 hivi, wale tunaowaona kwenye televisheni hufika 300. Sasa jamaa akiona mwenzake kamzidi yadi 30, anaikaba fimbo, anauma meno, anapinda kiuno kwa nguvu zote alizojaliwa. Jumatatu hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Maumivu ya mgongo wa chini ni kati ya majeraha yanayoongoza kwa wacheza gofu duniani kote. Tiger Woods mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka 2014, na mwaka 2017 akaunganishwa pingili kabla hajarudi kushinda Masters mwaka 2019. Yeye ana uwezo wa kukaa miezi bila kazi. Wewe unayebeba boksi, au unayegeuza wazee kitandani usiku kucha, mgongo wako ndio kodi ya nyumba na ndio ada za watoto nyumbani.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Mgongo wa chini haukuumbwa kwa kuzunguka. Pingili zake zote kwa pamoja huzunguka nyuzi 10 hadi 15 tu kila upande. Kazi yake kubwa ni kubeba uzito na kuinama. Vinavyozunguka hasa ni nyonga, na mgongo wa juu kwenye mbavu. Nyonga zikikaza (na zinakaza kwa madereva, kwa walinzi, na kwa sisi tunaokaa muda mrefu) mwili unaiba mzunguko kutoka kwenye kiuno. Waliopima wakati wa kupiga waliona mgandamizo kwenye disiki za kiuno unafika mara 8 ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 85 apigie hesabu mwenyewe, halafu azidishe kwa mipigo yote ya asubuhi nzima, pamoja na ile ya mazoezi.

Na habari njema ni kwamba kinachouokoa mgongo ndicho kinachoupeleka mpira mbali. Urefu hautoki kwenye mikono, unatoka kwenye kasi ya kichwa cha fimbo. Kila maili moja kwa saa unayoongeza inakupa yadi 2 hadi 3. Kasi hiyo inaanzia miguuni, inapanda kwenye nyonga, kifuani, mabegani, na mikono inakuja mwisho kabisa, kama mtu anayerusha jiwe kwa teo. Ukianza na mikono umeikata hiyo njia.

Kwa hiyo fanya hivi, ukiwa unatumia mkono wa kulia. Mguu wa kushoto uelekeze vidole nje kidogo, ili nyonga ipate nafasi ya kugeuka. Unapopeleka fimbo nyuma, ruhusu kisigino cha kushoto kinyanyuke. Kuna walimu watakukataza, lakini Jack Nicklaus alikuwa anakinyanyua na alishinda mashindano makubwa 18. Kisigino kikinyanyuka nyonga inageuka yenyewe na kiuno kinapumzika. Mpira uweke usawa wa kisigino cha kushoto, juu ya kijiti kirefu, nusu yake ionekane juu ya fimbo, uupige ukiwa unapanda. Fimbo ishike kama unavyomshika mtoto mkono mkivuka barabara, asikuponyoke lakini asilie. Halafu ugonge katikati. Mpigo wa taratibu wa katikati unaushinda mpigo wa hasira wa pembeni, na hilo utaliona siku hiyo hiyo.

Nyumbani, mara tatu kwa wiki, dakika kumi zinatosha. Lala chali, kunja magoti, nyanyua makalio, hesabu hadi tano, shusha. Fanya mara kumi na mbili. Kisha lala ubavu, magoti yamekunjwa, fungua mkono wa juu kama unafungua kitabu hadi kifua kitazame dari, magoti yasitoke mahali pake. Huo ndio mzunguko wa mbavu ninaousema. Kisha kukaa na kusimama kwenye kiti bila kutumia mikono, ambalo ni zoezi la bibi lakini jaribu mara kumi na tano uniambie.

Uwanjani usitoke kwenye gari moja kwa moja ukapiga. Tembea haraka dakika tano, zungusha nyonga, bembeza miguu, piga fimbo fupi kwanza. Hili linawahusu hata ndugu zetu wa Muscat na Dubai. Hewa ni ya moto, lakini wewe umetoka kwenye kiyoyozi. Na asubuhi, mara tu ukitoka kitandani, disiki zimejaa maji na zinaumia kwa urahisi zaidi, basi subiri angalau saa moja. Kutoka shifti ya usiku kwenda uwanjani moja kwa moja sikushauri hata kidogo. Nenda kalale.

Mgongo ukishauma, usilale kitandani wiki nzima. Tembeatembea, weka joto. Angalizo kuhusu vidonge: zile diclofenac mnazoagiza kutoka nyumbani, huku Uingereza tangu mwaka 2015 haziuzwi bila cheti cha daktari, kwa sababu ya moyo. Mwenye presha, figo au vidonda vya tumbo asizimeze kabla ya kuuliza, na ibuprofen vilevile.

Halafu kuna maumivu ambayo si ya gofu, ila gofu ndiyo inasingiziwa. Mwanaume mweusi mmoja kati ya 4 hapa Uingereza hupata saratani ya tezi dume katika maisha yake, wakati kwa wanaume wengine ni mmoja kati ya 8, na saratani hiyo ikisambaa hupenda mifupa ya mgongo. Kifua kikuu nacho hukaa kwenye uti wa mgongo, na sisi tumetoka kwenye nchi zenye kifua kikuu. Kwa hiyo maumivu yanayozidi usiku, yanayokuja na homa, jasho la usiku au kupungua uzito, au yaliyopita wiki sita bila nafuu, yapeleke kwa GP. Usimwambie tu kwamba umejinyonga kwenye gofu, mweleze hizo dalili zote, umwambie na ulikozaliwa. Ukiwa na miaka 45 na kuendelea, muulize pia kuhusu kipimo cha damu cha PSA, hata kama mgongo hauumi.

Na ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, ukifa ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au miguu yote miwili ikilegea, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Piga 999, au 911 kwa walioko Marekani. Fimbo ziacheni hapo hapo uwanjani, mwenzako atazibeba.