Habari za Moth, Eropleni ya Kufundishia

Wasomaji wetu wa Kiloleli na wa nchi yote ya Usukuma si wageni wa ngurumo za angani. Mwezi wa Februari mwaka 1931 ilifunguliwa njia ya ndege za posta kutoka London hata Mwanza, na tangu hapo wazee wetu walizoea kuinua macho. Lakini watoto huuliza: Je, mtu hujifunzaje kuendesha chombo kisichoweza kusimama njiani? Swali hili ni la akili. Baiskeli ikimshinda mwanafunzi, huanguka, akajipangusa vumbi. Eropleni ikimshinda, mambo ni mengine.

Katika miaka ile jibu lilikuwa ndege ndogo iitwayo Moth. Fundi wake, Geoffrey de Havilland wa Uingereza, alipenda sana wadudu, akaipa jina ambalo maana yake ni nondo. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1925. Ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyotengenezwa kwa mti na kuvikwa kitambaa. Tena mabawa hayo yaliweza kukunjwa nyuma, hata ndege ikalala katika banda dogo. Mbele palikuwa na rafadha moja, nayo mtu aliizungusha kwa mkono ili kuiamsha injini. Tangu mwaka 1928 ilitiwa injini iitwayo Gipsy, yenye nguvu za farasi 100.

Viti vyake vilikuwa viwili, kimoja nyuma ya kingine, visivyo na paa. Mwalimu aliketi mbele, mwanafunzi nyuma, na kila mmoja alikuwa na fimbo ya usukani na pedali zake. Vyote viliunganishwa, hata mkono wa mmoja ukisogea, mwenziwe huona fimbo yake nayo inasogea. Kwa sababu ya kelele za upepo walisemezana kwa mpira mrefu, mmoja akinena na mwingine akisikiliza masikioni. Hivyo kosa la mwanafunzi lilisahihishwa kabla halijawa msiba. Kisha ilifika siku mwalimu akashuka, akaifunga vema mikanda ya kiti chake kitupu isije ikanasa fimbo, akamwacha mwanafunzi aende peke yake.

Katika Afrika Mashariki kazi hiyo ilikuwa hasa Nairobi, ambako chama cha warushaji kilianzishwa mwaka 1927. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege kwa Gipsy Moth moja tu. Na kiwanja cha Wilson kina jina lake hata leo. Rubani wake, Tom Campbell Black, alimfundisha Beryl Markham kwa ndege ya namna hiyo. Huyo, Septemba 1936, akiendesha ndege nyingine, aliivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hata Kanada.

Lakini tusifiche neno moja. Chama kile kilikuwa cha walowezi wa Kizungu. Mwafrika alifyeka nyasi za kiwanja na kusukuma ndege mpaka bandani. Kiti cha nyuma hakikuwa chake. Haikuwa kwa kukosa akili, bali kwa kukosa ruhusa.

Nchi zetu zilipokwisha kujitawala, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha marubani huko Soroti, Uganda, mwaka 1971, kwa vijana wa Tanzania, Kenya na Uganda. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977, lakini chuo kilibaki. Ndege zake ni za madini, wala si za mti na kitambaa. Hata hivyo njia ya kufundisha ni ile ile: usukani wa watu wawili, kisha mwalimu kushuka.

Basi, enyi walimu na wazazi, mtoto akiwauliza habari ya ndege ipitayo, msimcheke. Mfundisheni hesabu kwa bidii, mshikeni mkono maadamu hajui. Na siku yake ikifika, muwe tayari kushuka.