Je, Wajua? Timu Iliyoshika Mkia Ndiyo Inayochagua Kwanza

Ukikaa baraza yoyote ya Ng'ambo wakati wa usajili, kuanzia Kikwajuni mpaka Michenzani, humkosi mtu wa kuapa kwamba amemwona kiongozi wa Simba au wa Yanga akishuka boti pale Malindi na mkoba mkononi. Kijana wa JKU au KMKM aliyeng'ara Amaan hutajwa jina, bei ikapandishwa, na mwenye fedha ndiye anayeondoka naye. Kwa njia hiyo ya soko Feisal Salum alitoka JKU akaenda Yanga mwaka 2018, na Ibrahim Hamad "Bacca" akamfuata mwaka 2022 kutoka KMKM.

Sasa, je, wajua kwamba Marekani, nchi inayoabudu soko huria kuliko zote, hailitaki soko hilo kwenye mpira wake? Kila mwezi wa Aprili, klabu 32 za NFL, ligi ya ule mpira wao wa kubebwa mkononi, huketi kugawana wachezaji waliotoka vyuo vikuu, utaratibu uitwao drafti. Timu iliyoshika mkia ndiyo inayochagua kwanza, na bingwa husubiri mwisho wa mstari. Mchezaji mwenyewe haulizwi. Aliyekuita ndiye mwenye haki nawe, upende usipende.

Aliyezua jambo hili hakuwa mtu wa huruma, alikuwa mtu aliyechoka kufungwa. Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, aliona kila mwanafunzi hodari akikimbilia timu zenye fedha na majina, naye anabaki na makapi. Mwaka 1935 akawashawishi wenzake wakubali zamu, na Februari 1936 wakakutana katika hoteli moja mjini Philadelphia. Majina 90 yaliandikwa ubaoni. Eagles walikuwa wa mwisho kwenye ligi, kwa hiyo Bell mwenyewe ndiye aliyefungua dimba.

Akamchagua Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, mshindi wa kwanza wa tuzo inayoitwa Heisman. Bell hakuweza kumlipa, akaihamishia Chicago Bears haki ya kumsajili. Bears nao wakashindwana naye bei. Berwanger akaenda kutafuta kazi nyingine, wala hakucheza ligi hiyo hata mechi moja. Na ile tuzo yake, ambayo leo vijana wa Kimarekani wanaililia, inasimuliwa kwamba shangazi yake aliitumia kuzuia mlango usijifunge.

Wapo watakaosema, zamu ikishapangwa, fitina zimekwisha. Zilirudi, tena kwa kishindo. Miaka ya 1960 iliibuka ligi ya pili, AFL, nayo ikiwa na drafti yake, na mchezaji mmoja akawa anachaguliwa pande zote mbili. Vilabu vikaanza kuwaficha wanafunzi hotelini mpaka watie saini. Shabiki wa Simba na Yanga hahitaji kufafanuliwa. Otis Taylor wa chuo cha Prairie View alikuwa amewekwa hotelini karibu na Dallas chini ya ulinzi wa watu wa NFL. Mtu wa Kansas City Chiefs ya AFL, Lloyd Wells, akafika usiku, akazungumza naye dirishani, na kijana akatokea dirisha hilohilo. Miaka michache baadaye Taylor akatwaa ubingwa wa Super Bowl na Chiefs. Mchezo huo ulikoma mwaka 1967, ligi mbili zilipoanza kuchagua pamoja.

Siku hizi drafti yenyewe imegeuka tamasha. Mwaka 2024 ilifanyika Detroit kwa siku tatu, na waandaaji walihesabu mahudhurio zaidi ya 775,000. Linganisha na Pemba nzima, ambako sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441. Na huko Detroit mpira haukurushwa hata mara moja, kazi ilikuwa kusoma majina tu!

Na je, wajua kwamba jina la 32 mwaka 2006 lilikuwa la Kiganda? Mathias Kiwanuka wa Boston College alichaguliwa na New York Giants, akawa katika kikosi kilichobeba Super Bowl mara mbili. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu, ambaye mwaka 1972 askari wa Idi Amin walimtoa mahakamani wakaenda kumuua.

Kwa upande wa soka, ligi ya MLS nayo ina drafti yake. Mwaka 2021 Colorado Rapids walimchukua Mkenya Philip Mayaka kutoka chuo cha Clemson, akiwa wa tatu kuitwa. Sisi Watanzania yetu tuliipata kwenye kikapu. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, aliitwa wa pili, na Memphis, katika drafti ya NBA. Stephen Curry aliitwa wa saba. Miezi michache baadaye Memphis walimshusha Thabeet kwenye ligi ya chini, ilhali Curry ameshatwaa ubingwa mara nne. Macho ya wataalamu nayo hukosea, tena mbele ya televisheni.

Halafu yuko Bernard Kamungo, aliyezaliwa Kasulu, Kigoma, katika familia ya wakimbizi wa Kongo. Yeye hakupita chuo wala drafti. Alikwenda kwenye majaribio ya wazi ya timu ya akiba ya FC Dallas, akapita, na Januari 2024 akavaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani.

Je, utaratibu huo ungefaa Unguja? Mimi naona bado. Vyuo tunavyo, SUZA na vile vya Tunguu na Chukwani, lakini wachezaji wetu hawalelewi huko. Kijana wa Ng'ambo hutokea timu ya mtaani, akapanda madaraja, na akiwa na bahati huchukuliwa na kikosi, KMKM, JKU, Zimamoto au Mafunzo, ambako pamoja na jezi anaweza kupata ajira. Ukimwambia aiache ajira hiyo kwa sababu zamu ya kuchagua ni ya timu iliyoshika mkia, atakucheka, na mama yake atacheka zaidi.