Safari ya Dirishani Yahitaji Mwalimu

Tembea uone, walinena wahenga. Leo mtu aweza kuona bila kutembea, na wapo wanaodai kwamba kutazama video za safari za garimoshi ni kupoteza wakati. Mimi sikubaliani nao.

Mnamo Novemba 2009, shirika la utangazaji la Norway, NRK, lilionyesha safari nzima ya treni kutoka Bergen hadi Oslo. Kipindi hicho kilidumu zaidi ya saa saba, nacho hakikuwa na kisa cha kusisimua: reli, theluji, maziwa na vituo vidogo tu. Hata hivyo, watu wapatao milioni 1.2 walitazama angalau sehemu yake, katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na watu wasiofika milioni tano. Leo video za namna hiyo zimejaa katika intaneti.

Mwalimu wa Jiografia hana budi kuzitumia. Reli hiyo huanzia pwani, hupanda hadi Finse, mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka kuelekea Oslo. Mwanafunzi akitazama kwa makini ataona miti ikipungua, ikitoweka kabisa, halafu ikirejea. Kanuni aliyoikariri kitabuni, kwamba baridi huzidi kadiri nchi inavyoinuka, ataishuhudia kwa macho yake.

Lakini dirisha lina upungufu wake. Huonyesha milima, wala halionyeshi mikono iliyoipasua. Asafiriye kwa treni kutoka Mombasa hadi Nairobi huiona mbuga ya Tsavo na ndovu wake. Haoni kwamba reli ya kwanza, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, iligharimu maisha ya vibarua takriban 2,500 kutoka Bara Hindi.

NRK walilitambua jambo hili. Treni ilipoingia gizani mwa handaki, waliwaonyesha watazamaji picha za kale za reli hiyo, iliyokuwa ikitimiza miaka 100. Mwalimu naye afanye vivyo hivyo: aisimamishe video, aulize nani alijenga, nani alihamishwa, nani alinufaika. Kisha awatake wanafunzi waeleze kwa maandishi njia wanayopita wenyewe kila siku. Ni aibu kijana kuijua theluji ya Finse ilhali hajui historia ya reli ipitayo karibu na kwao.