Noah Kwenye Theluji

Abiria aliyebanwa siti ya nyuma ya gari aina ya Noah kuelekea kijijini huenda hajawahi kujiuliza kwa nini baadhi ya Noah ni foo wili, yaani zinavuta kwa matairi yote manne. Dalali atamwambia ni kwa ajili ya tope. Kumbe kwao Japani, gari la namna hiyo hununuliwa na wenye familia wa miji kama Sapporo, kisiwani Hokkaido, ambako kwa mwaka huanguka theluji ya karibu mita 5.

Huko asubuhi ya Januari huanza kwa koleo na brashi. Theluji ya juu ya paa lazima ishushwe, la sivyo breki ya kwanza itaiporomosha kwenye kioo cha mbele. Bomba la moshi nalo hufukuliwa, kwani likiziba, hewa ya sumu isiyo na harufu huweza kuingia ndani. Waipa zimeinuliwa tangu usiku zisigandie kiooni.

Kwenye kuondoka, foo wili haina mpinzani. Matairi ya mbele yakianza kusota bure, nguvu hupelekwa nyuma, na gari lililojaa watoto hupanda kilima bila kusukumwa. Noah za haibridi za toleo la 2022, zile za foo wili, zina mota ya umeme kwa ajili ya matairi ya nyuma.

Balaa liko kwenye kusimama. Gari lolote lina breki kwenye matairi manne, hivyo foo wili haiongezi kitu hapo. Kinachobaki ni tairi.

Zamani Wajapani walifunga tairi zenye misumari. Zikakwangua lami, vumbi likawakera watu, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuzizuia. Zikashika nafasi tairi za mpira laini usiokakamaa kwa baridi. Hewa ikawa safi, ila bila misumari, magari yanayosimama na kuondoka kwenye makutano yakaisugua barafu mpaka ikang'aa kama kioo. Ndiyo maana Sapporo huweka masanduku ya mchanga njia panda: mpita njia huchukua mfuko, humwaga mchanga mbele yake, huvuka. Dereva mzoefu naye huachia mafuta mapema, akigusa breki kidogo kidogo kuonja utelezi.

Gari la nchi ya baridi likishuka bandarini Dar es Salaam, fundi mjanja haanzi na injini. Hulala chini na tochi, akitafuta kutu, maana chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani hutafuna chuma.