Umeme Ukikatika, Zimeni Wi-Fi Kwanza

Juma hili tunazungumzia kitufe kimoja kidogo cha kompyuta ya mkononi. Ni kidogo, lakini kinaweza kuokoa hesabu za kikundi.

Sisi watu wa Goma hatuhitaji kuelezwa maana ya giza. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka na lava ikakata nyaya za umeme. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipofika mjini, umeme na maji vilikatika pamoja. Kisha benki zikafunga milango, na vikundi vyetu vya akiba vikabeba mzigo mkubwa zaidi. Mama akija kuomba mkopo wa kumpeleka mtoto hospitali, mwandishi wa kikundi lazima aone daftari. Daftari likiwa ndani ya kompyuta iliyozimika, mama huyo atangoja.

Wi-Fi ni redio ndogo iliyo ndani ya kompyuta. Inatuma na kupokea mawimbi, na isipopata mtandao inaendelea kuutafuta. Kazi hiyo yote inakula betri. Tena mtandao ukiwepo, programu nyingine zinaamka bila kuitwa: moja inaleta barua pepe, nyingine inapakua masasisho, nyingine inapeleka picha. Zinakula betri, na pia zinakula mega ulizonunua kwa pesa yako.

Tusidanganyane: faida ya kuzima Wi-Fi peke yake si kubwa sana. Tuchukue mfano. Betri yenye wati-saa 45, kwenye kompyuta inayotumia wati 15, inadumu saa 3. Ukizima Wi-Fi na matumizi yakashuka hadi wati 13.5, unapata saa 3 na dakika 20. Kioo ndicho kinachokula zaidi. Ukipunguza na mwanga wake, matumizi yakafika wati 11, unakaribia saa 4 na dakika 5. Sisi wa akiba tunajua haba na haba inafanya nini.

Kompyuta nyingi hapa kwetu zinaandika Kifaransa. Bonyezeni alama ya mtandao chini kulia, kisha chagueni «Mode avion», penye picha ya ndege. Wi-Fi inazimika, na mara nyingi Bluetooth pia. Basi kama panya yenu haina waya, huenda ikaacha kufanya kazi. Hapo zimeni Wi-Fi peke yake.

Wengi wetu tunachukua mtandao kutoka simu. Hapo betri mbili zinaisha kwa wakati mmoja. Mkimaliza kutuma, zimeni pia ule ugawaji wa mtandao kwenye simu. Usiku umeme usiporudi, simu ndiyo ya kumwita jirani mtoto akiwaka homa.

Kazi ipangwe hivi. Umeme ukiwepo, fungueni mtandao, pakueni mnachohitaji, na hifadhini nakala ndani ya kompyuta yenyewe, maana faili linalokaa mtandaoni tu halitafunguka Wi-Fi ikizimwa. Umeme ukikatika, zimeni Wi-Fi, punguzeni mwanga, andikeni hesabu mpaka mwisho. Kisha washeni mtandao mara moja tu, tumeni yote pamoja, mzime tena. Wanafunzi wanaoandika kazi za chuo wafanye vilevile.

Na msingoje betri ifike sifuri. Ikibaki robo, hifadhini daftari kwenye flashi, na jumla ya pesa iandikwe pia kwa kalamu kwenye karatasi.

Tunaomba kila kikundi kimwonyeshe mwandishi wake kitufe hiki kabla ya mkutano ujao, na mtu wa pili ajifunze pia. Mwandishi anaweza kuugua, na akiba ni ya wote.