Hatua Ziko Kwenye Simu, Uzito Uko kwa Mwenza

Msimu wa harusi ukikaribia hapa Tanga, kuanzia Usagara na Chumbageni mpaka Ngamiani, swali huwa lilelile. Bwana na bibi harusi wanatakiwa kufungua muziki ukumbini, hawajawahi kucheza dansi ya wawili, na siku zinayoyoma. Je, wamtafute mwalimu awafundishe peke yao, au wanunue bando wajifunze kwa video? Wapo pia wastaafu wanaotaka mazoezi yenye raha, na vijana waliovutiwa na mashindano ya nje wanayoyaona mtandaoni. Wote nawajibu kama mwalimu wa dansi: njia hizi mbili hazifundishi kitu kimoja. Video hufundisha mpangilio wa hatua. Mwalimu hufundisha uzito wa mwili na mawasiliano ya watu wawili walioshikana. Anayeielewa tofauti hiyo hatapoteza fedha wala muda.

Pwani yetu si ngeni katika mambo haya. Vilabu vya dansi vilishamiri Mombasa, na kufikia miaka ya 1930 vilikuwa vimeenea Tanga, Dar es Salaam na miji mingine. Wanachama walivaa suti na magauni, wakacheza walsi, foksitroti na tango. Santuri nazo zilifanya kazi kubwa. Zile za mfululizo wa GV, ambazo kampuni ya His Master's Voice ilianza kuziuza Afrika mwaka 1933, zilileta muziki wa Cuba hadi vibarazani. Baadaye Tanga ikapata bendi zake zenye jina, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ndugu Wilson na George Kinyonga walipitia Jamhuri kabla ya kwenda Arusha na hatimaye Kenya, walikokuja kuvuma na Simba Wanyika. Santuri ilizoesha sikio mdundo, lakini namna ya kumshika mwenza na kumpitisha salama katikati ya watu ilijifunzwa ukumbini, mwili kwa mwili.

Kujifunza dansi kwa mbali nako hakukuanza na simu. Mmarekani Arthur Murray alijipatia utajiri katika miaka ya 1920 kwa kuuza masomo kwa njia ya posta: karatasi zenye michoro ya nyayo, mwanafunzi anazifuata sebuleni kwake. Huko Uingereza, Victor Silvester, bingwa wa dunia wa mwaka 1922, aliwafundisha wasikilizaji wa redio ya BBC kuanzia mwaka 1941, akiwatajia hatua moja moja. Hata hivyo Murray huyo huyo ndiye aliyekuja kueneza studio nyingi ambamo mwanafunzi hucheza na mwalimu. Mchoro wa unyayo una kikomo chake, na video imekirithi.

Tuanze na uwezo wa video, kwa sababu ni mkubwa. Video haichoki kurudia. Unaitazama usiku watoto wakiwa wamelala, unaisimamisha, unaipunguza kasi, unaona mguu ulipoanzia na ulipoishia. Kwa kukariri mfuatano wa hatua, hakuna mwalimu anayeishinda. Chagua ile iliyopigwa kwa nyuma ya mwalimu, maana anayekutazama usoni kulia kwake ni kushoto kwako, na mwanafunzi mpya huchanganyikiwa hapo mapema. Kuhusu kasi, ipunguze kwa kukariri tu. Walsi ya mashindano huchezwa kwa mapigo 84 hadi 90 kwa dakika, na mwili huenda kwa kubembea, ukipanda na kushuka. Ukiicheza kwa nusu ya kasi hiyo, mbembeo unakufa na unabaki unatembea tu. Miguu ikishakumbuka, rudi kwenye kasi halisi.

Kikomo cha video kinaonekana wazi katika chachacha. Kila kipimo cha muziki kina mapigo manne, lakini mchezaji huhamisha uzito mara tano: hatua mbili, kisha tatu za haraka. Kwa kuwa tano si shufwa, kila kipimo huanza na mguu mwingine. Sasa tuseme katika moja ya hizo tano umegusa sakafu bila kuegemeza mwili. Kwa macho hatua imekamilika, ila mguu uliopaswa kuwa huru bado umebeba uzito, na kipimo kinachofuata unaanza na mguu usio wake. Unairudia video tena na tena bila kuona kosa, kwa sababu kamera huonyesha unyayo ulipo, haionyeshi uzito ulipo. Mwalimu aliyekushika hulihisi kosa hilo palepale, kabla hata hujapotea.

Jambo la pili ni kuongoza na kufuata. Katika mshiko wa kawaida wa walsi na foksitroti, kiganja cha kulia cha anayeongoza hukaa chini ya bapa la bega la kushoto la mwenzake, na mikono ya upande wa pili hushikana pembeni. Anayeanza hudhani kazi ya mikono hiyo ni kusukuma na kuvuta. Sivyo. Ishara hutoka kwenye kiwiliwili: anayeongoza huelekeza mwili kabla mguu haujanyanyuka, na mwenzake huipokea ishara hiyo kupitia mikono iliyotulia. Mikono ikilegea, ishara hupotea njiani. Ikikakamaa, mwenza huburutwa. Kiasi kinachofaa hakiwezi kuonyeshwa kwenye kioo cha simu. Hufundishwa kwa kuguswa. Mwalimu mzuri hucheza nafasi zote mbili. Anakuongoza ili uhisi ishara safi ilivyo, kisha anakuacha umwongoze yeye na kukwambia kilichomfikia.

Upo mtego mwingine unaowahusu sana watu wa kwetu. Andika rumba mtandaoni, utaletewa masomo yanayopingana. Rumba ya mashindano ya kimataifa husubiri, na hatua zake huanza kwenye pigo la pili. Ile ya Kimarekani huchora mraba sakafuni, kwa hatua moja ya polepole na mbili za haraka. Ile tuliyoirithi kutoka kwa bendi za Kongo na za hapa nyumbani ni mwendo mfupi wa ubavu kwa ubavu, kiuno kikijibu gitaa, wachezaji wakisubiri sebene ipande. Maharusi waliojifunza mraba wa Kimarekani kisha wakapigiwa wimbo wa Atomic Jazz watajiona hawana kipaji, kumbe waliletewa somo la muziki mwingine. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta video, chagua wimbo. Wimbo ndio utakaokwambia utafute hatua gani.

Masomo ya binafsi nayo yana upungufu, na watu huusema kwa nadra. Mwalimu stadi huficha makosa yako bila kukusudia. Ukimpa ishara hafifu anaielewa, ukichelewa anakusubiri, ukipoteza mizani anakushikilia. Unatoka darasani ukijiona umeiva, halafu unacheza na mwenzako na kila kitu kinavurugika. Ndiyo maana wanandoa wajifunze pamoja, na sehemu kubwa ya somo wacheze wao kwa wao, mwalimu akiingia pale tu penye tatizo.

Utaratibu huu unafaa pia kwa heshima za pwani. Familia nyingi za Tanga hazitapenda binti au mke ashikwe na mwalimu mgeni, nami naona wana haki. Bwana na bibi washikane wenyewe, mwalimu asimame pembeni aelekeze kwa maneno. Pakiwa na jambo la kuguswa, mwalimu wa kiume amsahihishe mwanamume, na wa kike amsahihishe mwanamke.

Ikiwa kipato kinaruhusu masomo manne tu, yapange hivi. La kwanza liwe la kusimama, kushikana na kuhamisha uzito, bila mtindo wowote. Baada ya hapo tumieni video wiki mbili kukariri hatua chache, mkijirekodi kwa simu. Kila mnapojitazama, kagueni jambo moja: leo mabega, kesho mapigo. Somo la pili liwe la kurekebisha yale mliyojizoesha vibaya, kabla hayajawa tabia. La tatu liwe la kuongoza na kufuata kwa wimbo wenu wenyewe. La nne lifanyike ukumbini, kwa viatu na nguo za siku hiyo, kwa kuwa gauni refu hubadilisha urefu wa hatua. Anayetaka kuendelea na walsi au foksitroti ajizoeze mapema kuuzunguka ukumbi kinyume cha saa, maana ndivyo wachezaji wanavyopishana bila kugongana. Hilo hamwezi kulifanyia mazoezi kikamilifu mkiwa wawili chumbani.

Asiyepata mwalimu asikate tamaa. Kusanyeni jozi nne au tano, tafuteni baraza au darasa tupu jioni, wekeni video moja iliyokubaliwa na wote, na kila jozi iwatazame wengine na kuwasahihisha. Tena Tanga ina hazina ambayo miji mingi haina: wapo wazee wa Ngamiani na Makorora waliokuwa vijana wakati Atomic na Jamhuri zinatamba, na miguu yao bado inakumbuka. Wengi wao hawajawahi kuitwa walimu, wala hakuna aliyewaomba. Waendeeni kwa adabu, shikamoo ikitangulia, na muwaombe wawaonyeshe namna ya kumwongoza mwenza katika rumba ya polepole. Video mnayoiona leo itakuwepo mwakani. Wazee hao wafuateni mwaka huu.