Kifaa Kwenda kwenye Mwamba: Zana za Kisayansi za Kubebeka katika Uchunguzi na Uhifadhi wa Michoro ya Kale, kwa Mtazamo wa Rondo na Pwani ya Kilwa

1.0 Utangulizi

Kaskazini ya uwanda wa juu wa Rondo, mkoani Lindi, kipo kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913, msafara wa wanasayansi wa Kijerumani ulichimbua hapo visukuku vya dinosaria. Boheti bin Amrani alikuwa miongoni mwa wasimamizi wakuu wa kazi hiyo, na wapagazi waliibeba mifupa kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa, na kiunzi maarufu kuliko vyote kingali kimesimama katika makumbusho mjini Berlin. Maabara ilikuwa mbali na haikuweza kusogezwa. Hivyo, kilichotakiwa kuchunguzwa ndicho kilichosafiri.

Michoro ya kale haivumilii utaratibu huo. Mchoro ni sehemu ya mwamba au ukuta unaoubeba, na ukibanduliwa hupoteza mahali pake na mara nyingi huharibika. Makala hii inafafanua jinsi zana za kisayansi za kubebeka zinavyougeuza mwelekeo wa safari, ili kifaa kiende kwenye mwamba. Hoja yake ni kwamba manufaa ya zana hizo yanategemea mambo mawili: kuchagua kifaa kwa kufuata namna mchoro ulivyotengenezwa, na kuhakikisha kuwa kumbukumbu zinazopatikana zinabaki mikononi mwa watunzaji wa eneo husika.

2.0 Michoro ya Rangi: Mfano wa Kondoa

Mfano mkuu wa michoro ya rangi nchini Tanzania ni Kondoa, eneo lililoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwaka 1951 Mary Leakey alinakili kwa mkono michoro mingi ya huko, na nakala hizo zilichapishwa katika kitabu mwaka 1983. Nakala zake zingali na thamani kubwa. Hata hivyo, nakala ya mkono huonesha kile tu ambacho jicho la mnakili liliweza kukitambua.

Leo picha ya kidijitali inaweza kuchakatwa kwa programu ya DStretch, iliyobuniwa na Jon Harman, ambayo hukuza tofauti ndogo za rangi hadi mistari iliyofifia ionekane tena. Mbinu ya namna hiyo ilitumika katika uchunguzi wa Amak'hee 4, katika Pori la Akiba la Swaga Swaga, ambao Maciej Grzelczyk aliuchapisha mwaka 2021.

Picha huonesha umbo, lakini haisemi rangi ilitengenezwa kwa nini. Kazi hiyo hufanywa na kipimo cha mkononi cha eksirei. Kifaa hiki hurusha miale kwenye rangi, na kila elementi hurudisha miale yenye nishati yake mahsusi. Wingi wa chuma katika rangi nyekundu huashiria udongo wenye oksidi ya chuma. Manganizi katika rangi nyeusi huashiria madini badala ya mkaa. Kalsiamu katika rangi nyeupe huitofautisha chokaa au jasi na udongo wa kaolini. Spektroskopia ya Raman, inayotumia mwanga wa leza, hukamilisha picha hiyo kwa kutambua aina ya kiwanja chenyewe, na inaweza kuutambua mkaa, ambao kipimo cha eksirei hakiuoni.

3.0 Michoro ya Kuchanjwa: Kilwa na Songo Mnara

Katika pwani ya Lindi hali ni tofauti. Katika magofu ya Kilwa na Songo Mnara, yaliyoingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ipo michoro ya vyombo vya baharini iliyochanjwa kwenye lipu ya chokaa. Peter na Margaret Garlake waliichunguza michoro ya aina hii katika pwani ya Afrika Mashariki na kuchapisha matokeo yao mwaka 1964. Umuhimu wake ni mkubwa, kwa kuwa mtepe na vyombo vingine vya kushonwa kwa kamba vimeacha mabaki machache sana. Mlingoti, tanga na omo vilivyochanjwa ukutani ni ushahidi wa ujenzi wa vyombo ambao maandishi hayautoshelezi.

Mchanjo hauna rangi. Kuuelekezea kipimo cha eksirei ili kusoma mstari wake ni kupoteza muda: kifaa kitaonesha kalsiamu ya lipu na ya mawe ya matumbawe yaliyo nyuma yake. Kinachohitajika hapa ni kupima kina. Taa inayomulika kutoka pembeni huufanya mchanjo utupe kivuli; fotogrametria huunganisha picha nyingi kuwa umbo la pande tatu; na skana ya leza huupima ukuta mzima. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umekwisha kuyapima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa leza.

Kipimo cha eksirei kina kazi nyingine huku pwani. Klorini na salfa kwenye uso wa lipu ni dalili za chumvi. Chumvi hiyo hunyonya unyevu, kisha hukauka na kuwa fuwele zinazoibandua lipu kutoka ndani. Kupima sehemu zile zile baada ya kila msimu wa mvua kunaweza kumwonya mhifadhi kabla mchoro haujaanguka.

4.0 Mipaka ya Zana

Kubebeka kwa kifaa si uthibitisho wa usahihi wake. Tabaka la rangi ni jembamba, hivyo eksirei hupenya hadi kwenye mwamba. Ni lazima mwamba mtupu ulio jirani upimwe pia ili matokeo yalinganishwe. Leza ya Raman yenye nguvu kupita kiasi inaweza kuunguza rangi, na jua kali huvuruga usomaji wake. Aidha, hakuna kati ya zana hizi inayotoa umri. Ukadiriaji wa umri kwa radiokaboni huhitaji sampuli yenye kaboni, na udongo mwekundu peke yake hauna kaboni ya kupimwa.

Upo pia mpaka usio wa kifizikia. Katika pango la Mongomi wa Kolo, Kondoa, wenyeji wangali wakifanya matambiko, ikiwemo kumwaga pombe. Kifaa kitaliona tabaka hilo kama kitu kigeni juu ya rangi. Mtafiti asiyewauliza wenyeji anaweza kuliita uchafu na kupendekeza lisafishwe, na kwa pendekezo hilo akafuta sehemu ya urithi alioujia.

5.0 Umiliki wa Kumbukumbu

Mfupa uliosafirishwa huacha shimo. Faili iliyonakiliwa haiachi. Tofauti hiyo ina maana tu ikiwa nakala inabaki. Faili ghafi za vipimo, pamoja na maelezo ya mahali, tarehe na mipangilio ya kifaa, zikiondoka zote na mtafiti, mhifadhi wa Kilwa hatakuwa na msingi wa kulinganisha hali ya ukuta miaka kumi baadaye. Kwa hiyo, kibali cha utafiti kinapaswa kudai nakala kamili iachwe kwa wasimamizi wa eneo, katika muundo unaosomeka bila programu ya kulipia, na mafunzo ya kuitumia yatolewe papo hapo.

6.0 Hitimisho

Zana za kubebeka zimeondoa sababu kongwe ya kuuhamisha urithi, ile ya umbali wa maabara. Michoro ya rangi inahitaji kipimo cha kemia, na ya kuchanjwa inahitaji kipimo cha umbo. Yote miwili inahitaji maarifa ya wenyeji. Mkoa ambao wapagazi wake waliibeba mifupa ya Tendaguru hadi bandarini una haki ya kubaki na vipimo vya kuta zake.